Mkono Wangu kwenye Fimbo ya Mwanyumba

Jumatano, tarehe 6 Machi

Kesho baharini! Boti tumeikodi mpaka Jumamosi, na tutalala humo humo. Tunakwenda watatu: mimi, ambaye ni fundi wa majokofu; Kinyozi, rafiki yangu tangu shule, ambaye mdomo wake hufanya kazi kuliko mkasi wake; na mwanyumba wangu mfamasia, yaani mume wa dada yake mke wangu. Mtu mpole, msafi, hana doa hata kwenye soksi. Simpendi.

Baba mkwe anatimiza miaka sabini Jumapili. Ametangaza kwamba siku hiyo anataka kula samaki aliyevuliwa na mkwe wake, si wa sokoni. Samaki mkubwa kuliko wote ndiye atakayepikwa, na aliyemvua atakaa kulia kwa mzee mezani.

Hiyo ndiyo sababu inayosemwa. Ya kweli naiandika hapa, maana mke wangu hafungui daftari hili. Nilimwambia ni la hesabu za gesi. Mzee humwita mwanyumba "mwanangu." Mimi huniita "yule fundi." Nimekaa na binti yake muda mrefu, kifungua mimba wetu tayari ana sauti nzito. Mzee nimemtengenezea friji, friza na pangaboi mbili. Bado yule fundi! Mwezi jana alimwuliza mke wangu kama yule fundi anatumia sukari kwenye chai. Nilikuwa nimekaa kando ya mzee. Goti langu lilikuwa linagusa goti lake.

Sasa basi. Nahodha ameniambia kwa simu kwamba boti ina viti vitatu vya kuvulia. Cha nyuma kabisa ndicho bora, samaki wakubwa hupenda kufuata povu la injini. Cha ubavuni ni cha kawaida. Cha tatu kiko mlangoni mwa choo. Nimependekeza kura, na wote wamesifu haki yangu. Kura itakuwa ya vifuniko vya soda, namba ndani, tunachagua bila kutazama. Kifuniko namba moja kitalala kwenye sanduku langu la barafu hadi dakika ya mwisho. Wenzangu watapapasa kwa bahati. Mimi nitapapasa kwa ubaridi.

Mwanyumba ana vidonge vyake. Baridi ni yangu. Nimelala kitandani nikitabasamu peke yangu hadi mke wangu akauliza kama naumwa.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Jua kali tangu asubuhi. Nahodha ni mama wa makamo, mfupi, mikono mipana, anamwita kila mtu baba na hamwogopi baba yeyote. Amelitazama sanduku langu la barafu akakiri kwamba hajapata kuona barafu iliyopangwa vile. Nilimweleza kanuni ya kupanga barafu. Nilikuwa bado naeleza wakati anawasha injini upande wa pili wa boti.

Kabla ya kura alitoa sheria yake, na aliitoa taratibu ili isisahaulike: "Kwenye boti yangu, fimbo moja ni ya mtu mmoja. Mkono wa pili ukiigusa samaki akiwa kwenye ndoana, samaki huyo ni wa boti. Sitaki kesi."

Tukakubali. Kinyozi akavua kofia, nikatumbukiza vifuniko, kimoja kikiwa kimetoka kwenye barafu sekunde ile ile. Nikanyoosha mkono. Nahodha akanizuia. Akasema mwenye wazo la kura huchagua mwisho, ndivyo ilivyo haki. Sheria gani tena hiyo! Lakini ningebisha ningejichongea.

Mwanyumba akaingiza mkono. Akashtuka kidogo. Akasema, loo, hiki kina ubaridi mzuri, na kwa joto hili anakichukua hicho hicho. Akakibandika shingoni, akafumba macho kwa raha. Alikaa nacho pale muda mrefu kabla hata ya kutazama namba. Ilikuwa moja.

Kinyozi akapata mbili. Sikuwa na haja ya kuchagua.

Lakini kwa kweli kiti cha choo kina heshima yake. Kila mtu lazima anipitie. Hakuna anayeingia wala kutoka bila kuomba njia kwangu. Kinyozi ameomba njia mara nyingi sana leo. Anasema ni hewa ya bahari.

Samaki: Kinyozi amevua changu wadogo, mwanyumba vivyo hivyo. Mimi nimekamata mshipi wa Kinyozi mara nne. Nahodha alipofungua fundo la mwisho alisema kwamba kwa kukamata mishipi hajawahi kuona mtu kama mimi. Najua alikuwa anatania. Hata hivyo ni sifa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Bahari imechafuka. Mawimbi yanakuja ubavuni, boti inakwenda kama mlevi.

Baada ya chai mwanyumba akatoa kipakiti na kutugawia kila mmoja kidonge cha kuzuia kichefuchefu. Bure! Mtu anayeuza dawa kwa riziki yake agawe dawa bure, asubuhi ya siku ya mashindano? Nikaelewa mara moja. Kidonge cha usingizi. Nikakiweka chini ya ulimi, nikashukuru kwa adabu, nikamtazama akijitupia cha kwake na maji, nikasogea ukingoni na kukitema. Nilijipongeza kimoyomoyo. Si rahisi kunipata mimi.

Muda si muda, tumbo likaanza kupanda na kushuka kinyume cha boti.

Sitaandika yote. Itoshe kusema nilikumbatia ukingo wa boti tangu saa za chai hadi baada ya chakula cha mchana, ambacho sikukila ila kilitoka. Kinyozi alinishika mkanda nisidondoke, na huku akiwasimulia wenzake kila kilichotoka na kilikuwa kimeliwa lini. Mwanyumba alileta kidonge cha pili. Nikakikataa. Alinitazama kwa huruma. Huruma yake ndiyo iliyonitapisha mara ya mwisho.

Sasa sikiliza jambo hili. Mimi niko ubavuni. Mkondo wa maji unakwenda nyuma. Kila nilichotoa kilisafiri moja kwa moja hadi kwenye kiti namba moja! Vikaja visamaki vidogo, maji yakachemka navyo. Nyuma ya vidogo wakaja wakubwa. Nahodha mwenyewe alisimama akasema chambo kama hicho watu hukichanganya siku nzima na hakifikii hapo. Na mwanyumba, kwa utulivu wake ule wa kuhesabu vidonge, akamvua kolekole mnene, urefu wa mtoto wa chekechea.

Watu wakampongeza. Yeye! Samaki yule ameletwa na tumbo langu! Nilitambaa hadi kwa nahodha nikamweleza kwamba kisheria nina hisa katika kolekole. Akaniuliza hisa hiyo niliichangia kwa njia gani. Kinyozi alikuwa anasikiliza. Nikaona niache.

Ila ukweli naujua mimi. Samaki mkubwa wa safari hii amepatikana kwa jasho langu, kama jasho ndilo neno lake. Nalala na njaa lakini kichwa juu. Na kolekole amelala kwenye barafu yangu, niliyompangia mwenyewe, kichwa upande wa baridi zaidi. Chuki ni chuki, kazi ni kazi.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Siku ya mwisho. Bahari imetulia kidogo, na mimi pia.

Hesabu ilikuwa rahisi. Nahitaji samaki mkubwa kuliko kolekole, na ninahitaji mwanyumba asiongeze mwingine. La kwanza ni la Mungu. La pili ni langu. Mkono wa pili ukiigusa fimbo, samaki ni wa boti! Nahodha alinipa silaha tangu Alhamisi nami nikakaa nayo siku mbili bila kuiona. Nikaamua: mwanyumba akinasa kitu kikubwa tu, nitakuwa na shauku. Shauku si dhambi. Mtu mwenye shauku huruka, hushangilia, huweka mkono mahali.

Nikaifunga fimbo yangu kwenye kishikio chake mlangoni mwa choo, nikakaa kama paka.

Ilikuwa karibu na wakati wa kugeuza boti kurudi. Fimbo ya mwanyumba ikainama mpaka ncha ikazama majini. Si kolekole huyu! Mshipi ulilia. Mwanyumba akasimama, akakanyaga ukingo, akavuta, akavutwa. Nahodha alikuwa kwenye usukani, hawezi kuuacha. Kinyozi alikuwa anatoa maoni.

Nikaruka. Nakumbuka nilifurahi sana hewani. Nikaishika fimbo kwa mikono miwili, si mmoja, ili pasiwe na ubishi, nikapiga kelele kwamba nakusaidia ndugu yangu, nakusaidia! Nilidhani atanifokea. Badala yake alinishika shati kwa mkono mmoja, akaling'ang'ania hasa, vifungo viwili vikaruka. Miguu yake ilikuwa inateleza, sakafu ilikuwa na maji. Tukaanguka wote wawili chali, mimi chini, yeye juu, fimbo katikati. Mshipi haukukatika. Tukamwingiza ndani. Jodari! Mzito, anang'aa, kama tangi la gesi.

Nahodha, bila hata kugeuza kichwa: "Mikono miwili, watu wawili. Wa boti."

Ushindi! Nimelala chali, sina pumzi, lakini nimeshinda. Ndipo nikasikia Kinyozi akipiga kelele upande wa choo.

Fimbo yangu ilikuwa imepinda. Fimbo YANGU! Na nani kaishika? Kinyozi, kwa mikono miwili, mguu mmoja kwenye mlango wa choo, anavuta huku akiita jina langu, ananiambia nisiwe na wasiwasi, ameniokolea samaki wangu. Nilimwambia aachie. Nilimwambia mara nyingi. Alidhani namtia moyo. Nahodha ikabidi azime injini aje na ile ndoana ya mpini mrefu. Walipomwinua samaki yule, hata Kinyozi alinyamaza. Jodari tena, mara mbili ya yule wa kwanza. Angejaza meza ya mzee mwisho hadi mwisho, na mkia wake ungehitaji kiti chake.

Nahodha alimtazama samaki, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza niliona anasikitika. Lakini akasema neno lile lile. Wa boti.

Nilikaa kwenye sanduku la barafu. Kinyozi aliniambia nisimshukuru, yeye na mimi ni ndugu.

Tulipokuwa tunakaribia bandari mwanyumba akaja akakaa kando yangu. Aliongea chini chini, hakutaka Kinyozi asikie. Alisema hajui kuogelea. Hajamwambia mtu, hata mkewe. Alisema pale miguu ilipoteleza aliona maji tu, akajua amekwisha, na akaniona mimi naja. Akanishika mkono akautikisa, hakuuachia.

Nilihisi kitu kifuani. Kizito, hapa katikati. Nafikiri ni kiungulia, maana sijala vizuri tangu jana.

Nikamwambia si kitu. Hilo nililisema kwa ukweli kabisa.

Kwa hiyo samaki wa mzee ni kolekole, na kolekole ni wa mwanyumba. Nimempakia mwenyewe kwenye barafu mpya. Angalau atafika akiwa mgumu. Hakuna mfamasia anayeweza kufikisha samaki namna ile.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Nyumbani kwa mzee. Meza mbili ndefu zimeunganishwa sebuleni, kitambaa kimoja, watoto wamewekewa mkeka upande wa dirishani. Kolekole katikati, mzima. Mama mkwe alimsifu kwamba macho yake yalikuwa maangavu kama amevuliwa asubuhi ile. Nikasubiri aulize ni nani aliyemhifadhi. Hakuuliza.

Mzee amekaa kwenye kiti chake chenye mikono. Kulia kwake kiti kitupu. Akaniona naingia, akamwuliza mke wangu kama yule fundi naye alivua chochote. Mke wangu akanibana mkono kwa siri. Nikatafuta nafasi upande wa chini, karibu na mlango wa jikoni. Nimeshazoea kukaa milangoni.

Mzee akampungia mwanyumba mkono, njoo mwanangu, njoo ukae. Nami nikajitilia viazi vingi, ili niwe na kazi.

Mwanyumba hakukaa. Alisimama nyuma ya kile kiti, ameshika mgongo wake. Mtu asiyependa kusema mbele za watu.

"Baba, samaki huyu nimemvua mimi, lakini kiti hiki si changu. Jana nilikuwa naanguka baharini, na mimi sijui kuogelea. Mwenzangu alikuwa na samaki kwenye fimbo yake, mkubwa kuliko huyu mara nyingi. Aliiacha fimbo, akaja kunishika mimi. Samaki akampoteza. Na tangu jana hajamwambia mtu."

Dada yake mke wangu akaweka kijiko chini akaanza kulia. Hakujua kwamba mumewe haogelei. Kinyozi, ambaye alijialika, akatingisha kichwa akasema yote ni kweli, aliona kwa macho yake.

Kwa usahihi, fimbo yangu ilipinda nilipokuwa nimeshaondoka. Nilifungua mdomo nilirekebishe hilo. Naapa niliufungua. Ulikuwa na viazi.

Mzee alinitazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza ananitazama bila kifaa kilichoharibika katikati yetu. Kisha akakivuta kile kiti kwa mkono wake mwenyewe, kikakwaruza sakafu.

"Mwanangu," akasema, "njoo ukae hapa."

Nikageuka kumtazama mwanyumba. Mke wangu akanisukuma mgongoni. Ni mimi! Mwanangu ni mimi!

Sijui nilifikaje. Nilikaa. Mzee akaniwekea kipande cha samaki, kile cha shingoni chenye nyama, akaniuliza mimi mwenyewe, moja kwa moja, kama natumia pilipili. Macho yalinijaa. Nikasema ni vitunguu. Hapakuwa na vitunguu. Na mwanyumba alichukua sahani yake akaenda kukaa pale mlangoni mwa jikoni nilipotoka, akamalizia viazi vyangu, na alionekana na furaha kuliko watu wote chumbani, pamoja na mimi.

Hapo nilitaka kusema. Naandika bila aibu kwamba nilitaka. Nilishika glasi, nikasimama nusu. Mzee akaweka mkono begani kwangu akasema mwanangu, kaa, ule. Nikakaa, nikala.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Nimefikiri usiku kucha kuhusu kumwambia mwanyumba ukweli. Nimeona haitakuwa vizuri. Mtu amekuamini, amesimama mbele ya familia, amefichua siri yake ya kuogelea. Leo uende umvunje moyo? Ningekuwa mtu mbaya sana. Nitaubeba ukweli huu peke yangu, kwa ajili yake. Si kila mtu ana kifua cha namna hii.

Na tukiutazama huo ukweli vizuri, mbona mpango wangu ulifanikiwa? Nilitaka kuishika fimbo, nikaishika. Nilitaka kiti, nikakikalia. Nilitaka mzee aniite mwanangu, na ameniita mara tano, pamoja na ile ya asubuhi hii kwenye simu. Hata mwanyumba yuko hai, jambo ambalo sikulipanga lakini silikatai. Nimepiga mahesabu upya toka mwanzo na sioni nilipokosea, isipokuwa kumleta Kinyozi.

Mke wangu ameninunulia shati jipya badala ya lile lililokatika vifungo. Amenitazama kwenye kioo akasema hakujua ameolewa na mtu wa namna hii. Nikamwambia hata mimi wakati mwingine najishangaa.

Simu ya mzee ilikuwa na habari nyingine. Mama mkwe naye ana sherehe yake mwezi ujao, na mwanyumba ameomba aoke keki kwa mkono wake mwenyewe. Keki! Mzee alisema anajivunia wanawe wote wawili. Wote wawili. Nilikata simu taratibu nikalifikiria neno hilo kwa muda.

Kisha nikampigia mwanyumba kumpongeza. Katika mazungumzo nikamwuliza jiko lake la kuokea ni la gesi au la umeme. La umeme, akasema, na linapiga joto vizuri sana, na kama nina nafasi nipite nilikague kabla ya siku yenyewe, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayemwamini aguse vitu vyake.

Mtu mzuri sana yule. Nimeshanoa bisibisi ndogo. Napita Alhamisi.